GoPro imepunguza uzito, haijapunguza hatari



Nimeulizwa swali na rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa harusi hapa Dar. Ameamua kujifunza kuruka kutoka ndegeni kwa parachuti. Fedha ameshaanza kudunduliza, na mpango wake ni kuvuka Horohoro hadi Diani, pwani ya kusini ya Kenya, aanze kwa kuruka kama abiria, kisha atafute mahali pa kusomea. Lakini swali lenyewe halikuhusu ndege, walimu wala parachuti. Anataka kujua anunue helmeti gani ya kufungia GoPro, na kamera akae nayo juu ya kichwa au pembeni.

Jibu fupi nilimpa kwa simu. Jibu refu naliandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Tangu ndugu na jamaa zetu wanaofanya kazi Dubai waanze kututumia video zao wakielea juu ya ule mtende wa Palm Jumeirah, vijana wengi wa kamera wamepiga hesabu moja: mtalii analipa fedha nzuri kuruka, analipa tena fedha nzuri apate video, basi na mimi nikijifunza kuruka nitakula huko. Hesabu si mbaya. Ila tazama vizuri zile video. Kuna zinazopigwa na mwalimu mwenyewe, kamera ikiwa imefungwa mkononi mwake. Na kuna zile nzuri zaidi, ambapo abiria na mwalimu wake wanaonekana wote wawili, kwa mbele, wanacheka. Hizo zimepigwa na mtu wa tatu, anayeanguka pembeni yao kwa kasi ileile na kamera kichwani. Hiyo ndiyo kazi anayoitamani rafiki yangu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: kamera isipande kichwani mwa mrukaji kabla hajafikisha miruko 200. Ndivyo chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinavyopendekeza, na Waingereza nao wana kiwango hichohicho. Na kwa yule atakayempiga picha abiria aliyefungwa kwa mwalimu, Wamarekani wanapendekeza uzoefu zaidi ya huo.

Najua mnachotaka kusema. "Hizo sheria ni za enzi za makamera makubwa." Hoja hii naisikia sana, na sitaki kuibeza, maana nusu yake ni kweli.

Zamani kuruka na kamera kulikuwa kazi ya kubeba mzigo. Mtu alifunga kamera ya filamu juu ya helmeti, baadaye ikaja ya kanda, na pembeni yake wengine wakaweka na kamera ya picha za mnato. Kilo mbili, kilo tatu, zote kichwani. Sasa fikiria parachuti linapofunguka. Mwili unatoka kwenye kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa na kupunguzwa ghafla, na katika ufunguaji wa kawaida tu kila kitu kinaweza kuhisi uzito mara tatu au nne. Kilo mbili na nusu zinakuwa kumi, na zinaninginia kwenye shingo. Ule ufunguzi wa filamu ya James Bond ya mwaka 1979, Moonraker, pale Bond anaposukumwa nje ya ndege bila parachuti, ulipigwa na mpiga picha aliyekuwa akianguka pamoja na waigizaji, kamera kichwani. Warukaji walihitaji miruko 88 kupata vile vipande. Mara 88, kwa dakika chache za filamu! Mwaka 2009 GoPro ya kwanza ya picha safi ilipotoka, pamoja na kasha lake ilikuwa chini ya gramu 200. Shingo zikapona. Hapo nakubali bila ubishi.

Lakini uzito ulikuwa tatizo moja tu. Yapo mawili mengine, na udogo wa kamera haujayagusa kabisa. Moja naona hata limezidishwa.

La kwanza ni kamba. Parachuti halitoki mgongoni kama shati linalotolewa kwenye begi. Linavutwa na kiparachuti kidogo, kamba zake zinajinyoosha kwa kasi kubwa kupita nyuma ya mabega na karibu na kichwa, kisha kitambaa kinafunguka juu. Kama mrukaji amelala sawasawa, kamba zinapita bila kumgusa. Kama ameinama upande mmoja, au anazunguka, au amegeuza kichwa kutazama kitu (na wapiga picha tunapenda kugeuza kichwa), kamba inaweza kupita usoni au juu ya helmeti. Ikikuta kitu laini, inateleza. Ikikuta ndoano, inashika. Hapo una parachuti lililofunguka nusu, na limeshikamana na kichwa chako. Huwezi kulikata ukaachana nalo ili ufungue la akiba, maana ukilikata linabaki limekushika kichwani.

Sasa niambie, kamba inajali gramu? Itazame GoPro ilivyo ikitoka dukani: kibati cha kubandika chini, shingo ya plastiki inayopinda, skrubu ndefu yenye kichwa cha kushikia kwa vidole, na kamera yenyewe juu, imeinuliwa. Kati ya kamera na helmeti kuna uwazi wa kutosha kamba kuingia. Mafundi waliotengeneza ndoano za kutundikia nyama buchani hawakufanya kazi nzuri kuliko hiyo! Wale wa zamani waliobeba makamera makubwa walijua wamebeba hatari, kwa hiyo walizijengea kasha, wakaviringisha pembe zake na kuziba mianya. Kijana wa leo anabandika ndoano kwa dakika mbili na kusema ni ndogo, haina neno.

La pili ni akili. Hili ndilo linalonitisha zaidi, pengine kwa sababu naifahamu kazi ya kamera kutokea ndani. Mtu aliyeshika kamera hayupo pale alipo, yupo ndani ya fremu. Sisi waandishi tumewaona wenzetu wakirudi nyuma kinyumenyume kwenye msafara wa kiongozi mpaka wakatumbukia mtaroni. Tunacheka, tunawavuta, kazi inaendelea. Angani hakuna wa kukuvuta. Kasi ya kilomita 200 kwa saa ni takriban mita 55 kila sekunde. Ukizubaa sekunde kumi unatafuta pembe nzuri, umeshuka zaidi ya mita 500, karibu futi 1,800. Ndege inakuacha kwenye futi 13,000 hivi, na mwenye leseni ya C ya Marekani hatakiwi kuchelewa kufungua chini ya futi 2,500. Safari yote ya kuanguka ni kama dakika moja. Zile sekunde kumi si kitu kidogo.

Na usidhani ni ugonjwa wa wanafunzi. Aprili 1988, huko North Carolina, Marekani, mpiga picha wa angani aliyekwisha kuruka zaidi ya mara 800 alitoka ndegeni kumpiga picha mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa na kamera kichwani na mashine ya kurekodi kwenye mkoba mwilini, kama ilivyokuwa enzi hizo. Parachuti hakuvaa. Alisahau. Picha aliipiga vizuri, na kanda ilikutwa. Waliochunguza walidhani uzito wa ile mashine ulimfanya ahisi kwamba amevaa kila kitu. Mtu wa miruko 800, siyo 25.

Wapo watakaosema: mimi sitahangaika nayo, naiwasha, naisahau, inajirekodi yenyewe. Ni maneno mazuri. Nenda kamtazame mtu mwenye GoPro kichwani dakika moja kabla mlango wa ndege haujafunguliwa. Haioni, ipo juu ya kichwa. Anamuuliza mwenzake kama taa nyekundu inawaka. Anaigusa, inalia. Alikuwa anaiwasha au ameizima? Anavua helmeti, anatazama, anavaa tena haraka haraka, mkanda wa kidevu haukukaza. Wakati huo ndio angetakiwa awe anakagua vifaa vyake na kujua ndege ipo usawa gani na upepo. Na akishatoka nje, kamera inamfuata: anataka kumsogelea mwenzake apate uso wake, naye mwenzake anaona kamera, anaanza vituko. Warukaji wawili wachanga wanaosogeleana kwa ajili ya picha, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama mita. Mimi siipendi kabisa hiyo.

Haya, tuseme mtu amefika 200. Sasa swali la rafiki yangu lina nafasi yake.

Aanze na helmeti, asianze na kamera. Watu wengi wananunua kamera kwanza kisha wanatafuta kichwa cha kuibeba. Helmeti ya kuruka inatakiwa ibane fuvu kiasi kwamba ukiishika kwa mikono miwili na kuitikisa, ngozi ya paji la uso inakwenda nayo. Ikicheza hata kidogo, video itatikisika, na parachuti likifunguka itakushukia machoni. Iwe na mahali pa kuweka mita ya sauti, ile inayolia sikioni ukifika kimo ulichokipanga, kwa sababu anayetazama fremu hatazami mkono wake. Na ukiivaa uweze kuinamisha kichwa na kuviona vishikio vyako kifuani, cha kukatia parachuti kuu kulia na cha la akiba kushoto. Helmeti ya bodaboda au ya baiskeli usiifikirie. Ile ya bodaboda ni nzito, ni pana, na inakuziba usione kifuani. Ile ya baiskeli ina matundu na ukingo, yaani ndoano kila upande. Najua bei ya helmeti za warukaji inauma. Inauma kweli.

Juu au pembeni? Kamera ikiwa juu katikati, uzito unakaa sawa na picha inafuata macho, ila ndiyo sehemu inayosimama wima zaidi, kwa hiyo isimame kidogo iwezekanavyo. Pembeni iko karibu na jicho na ni rahisi kulenga, lakini inavuta shingo upande mmoja na iko upande zinakopita kamba. Siku hizi kuna wanaoiweka kidevuni, kwenye helmeti za kufunika uso. Huko inakaa chini na unaipata picha ya kile unachokitazama, ila hakikisha haikuzibi vishikio. Kwa anayeanza, mimi ningesema juu, imelala kabisa kwenye kibati cha chini kilichotengenezwa kwa ajili ya warukaji, ile shingo ya kupinda ikiwa imetupwa. Umbo lolote linaloifanya kamera iwe kama uvimbe laini badala ya pembe ndilo zuri, hata kama linakuharibia sura. Hakuna anayeruka ili aonekane mzuri kichwani.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanapoharibu. Gundi ya vibati hivyo inataka uso laini, safi, usio na mafuta, na inataka iachwe saa 24 kabla ya kutumika. Siyo kubandika uwanjani asubuhi na kuruka saa nne. Ukichagua skrubu badala ya gundi, ncha yake isitokeze ndani ya helmeti. Watu hugongana angani na hugonga kichwa kwenye mlango wa ndege, na hiyo ncha itaelekea kwenye fuvu. Usifunge kikamba cha kuizuia kamera isianguke. Kile kikamba ni kitanzi kingine. Mianya iliyobaki iziba, na juu yake pitisha utepe.

Ukimaliza, chukua kamba nyembamba, weka helmeti mezani, kisha ipitishe hiyo kamba juu yake kutoka kila upande: mbele kwenda nyuma, kushoto kwenda kulia, mshazari. Kila inaposhika, hujamaliza kazi. Kipimo hiki hakina gharama, na unaweza kukifanya sebuleni kwako mbele ya watoto.

Bado kuna kitu kimoja ambacho sitakubali kijadiliwe: njia ya kujinasua. Kamba ikishika, mrukaji aweze kuachana na kamera au na helmeti nzima kwa mkono mmoja, mkono wowote, akiwa amevaa glovu, bila kutazama. Helmeti za wapiga picha zina mkanda wa kidevu unaofunguka kwa kuvuta kishikio kimoja. Wengine wanategemea plastiki ya GoPro kwamba itavunjika yenyewe. Inaweza kuvunjika, na inaweza isivunjike. Na hata hicho kishikio hakina maana kama hujakivuta mara nyingi chini, umesimama, umefumba macho, mpaka mkono ukijue. Halafu jiulize: uko futi 2,000, unazunguka, na una vishikio vitatu vya kuchagua badala ya viwili. Kipi kwanza? Asiye na jibu ambalo ameshalifanyia mazoezi na mwalimu wake, aiache kamera chini.

Kuhusu kamera yenyewe sina maneno mengi. Iwe ndogo, ngumu, lenzi ya kuona upana, isiyo na kitu kinachosogea ndani. Kuna wakati kamera za video zenye diski ndani zilikuwa fasheni, na kwa anayeruka zilikuwa kichekesho, maana baadhi zilikuwa na kihisi cha kuilinda diski: zikihisi zinaanguka zinaacha kurekodi! Memori kadi imetumaliza shida hiyo. Betri iwe imejaa, kwa sababu baridi ya juu inaipunguza nguvu. Na kwa wanaoruka pwani, jihadharini na ukungu. Ukipanda futi 13,000 joto linashuka kwa nyuzi zaidi ya 20, lenzi inapoa, halafu ndani ya dakika moja unarudi kwenye joto na unyevunyevu wa bahari. Lenzi inafanya kama glasi ya maji ya barafu mezani. Mtalii anaonekana safi akiwa juu, na akikaribia kutua anageuka kivuli. Anayelipwa kwa kazi hii inabidi ajue hilo kabla ya kuchukua fedha ya mtu.

Naijua sababu hasa inayofanya watu waruke hatua, nayo ni fedha. Leseni ya kwanza ya Marekani, A, inapatikana kwa miruko 25. Kutoka hapo hadi 200 ni miruko 175. Kwa bei ya kiti cha ndege huko, karibu na dola 30 kwa mruko, hiyo ni zaidi ya dola 5,000, bila kuhesabu parachuti, chakula na malazi. Kwa kijana wa kwetu hizo ni harusi nyingi sana za kupiga picha. Kwa hiyo anajiambia: nikianza na kamera kwenye mruko wa 40, video zitanilipia miruko iliyobaki. Hesabu hiyo naielewa kabisa, na ndiyo hesabu mbaya kuliko zote, kwa sababu inamfanya auze picha wakati hajajifunza bado kuruka.

Kazi ya kamera ipo tele chini. Abiria wanavalishwa mikanda, wanapanda ndege wakitetemeka, wanatua mchangani wakilia na kucheka. Mke yuko pembeni, mkono mdomoni. Mtu anayejua kupiga harusi anajua kuzipiga nyuso hizo kuliko mrukaji yeyote. Afanye hivyo, alipwe, kila akipata aruke bila kitu chochote kichwani isipokuwa helmeti.

Na ninyi wahariri na wenye makampuni ya utalii mnaowaomba vijana "walete kitu cha angani", mnapoagiza, ulizeni ameruka mara ngapi na kamera yake ameifungaje. Kwa upande wa abiria, simu na vijiti vya kujipigia picha viacheni chini hata kama mna kamba ya kuvifunga mkononi. Mwalimu aliyewafunga kifuani kwake anahitaji mikono yenu iwe pale alipowaambia iwe, na simu inayomponyoka mtu kwenye futi 10,000 itashuka mahali fulani, penye watu au pasipo na watu.